Mwili uko Babati, akili iko wapi?

Babati ni mji wa njia panda. Basi la Arusha kwenda Dodoma linapita hapa, la Singida linakunjia hapa, na kandokando ya barabara hizo umekua mji uliochangamka tangu mwaka 2002, Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha na Babati ikawa makao makuu yake. Mji wa namna hii humzoesha mtu kusubiri. Abiria anasubiri basi. Kijana wa bodaboda yuko kijiweni anasubiri abiria. Mama mwenye genge anasubiri wateja wa jioni. Mkulima aliyechanganya mahindi na mbaazi shamba moja anasubiri mvua, akishavuna anasubiri bei. Ukimtazama mtu anayesubiri unadhani yupo, kumbe kilichopo ni mwili tu. Akili imetangulia kwenye ada ya shule isiyolipwa, au imebaki nyuma kwenye maneno aliyoambiwa jana usiku. Ukimwita mara ya kwanza hasikii. Ukimwita mara ya pili anashtuka. Walio karibu naye watakueleza kwa maneno mawili: “Ana mawazo.”

Maneno hayo mawili yanastahili kutazamwa vizuri, maana yamebeba nusu ya somo letu. Wazo likiwa moja ni kitu cha heri: mtu hutoa wazo kikaoni, hupata wazo la biashara. Likishakuwa mawazo, na mtu akawa “nayo” kama anavyokuwa na homa, limegeuka jina la maradhi. Waswahili walitambua zamani kwamba kuwaza kunaweza kumgeuka mwenye kuwaza. Tatizo liko kwenye dawa tunayoizoea, ambayo ni kumwambia mgonjwa, “Acha mawazo.” Ni ushauri wa upendo, lakini hautekelezeki. Mwambie mtu asimuwaze kiboko wa Ziwa Babati, na kiboko huyo ndiye atakayejaa kichwani mwake mpaka jioni. Hoja ya makala haya ni kwamba ipo njia nyingine, nitakayoiita uzingativu, ambayo haifukuzi mawazo. Inamwezesha mtu kujua, wakati uleule anapowaza, kwamba anawaza. Tofauti hiyo yaonekana ndogo. Ushahidi uliopo unatosha kumshawishi mtu mwenye busara aitengee dakika chache za siku yake, ila hautoshi kuihalalisha miujiza inayotangazwa kwa jina lake.

Uzingativu ni kuelekeza akili kwa makusudi kwenye kile kinachotokea sasa, ndani ya mwili na nje yake, bila kukimbilia kukihukumu kuwa kizuri au kibaya. Mzizi wake uko katika mafundisho ya Kibudha, ambako huitwa sati, neno la Kipali ambalo asili yake ni kukumbuka. Muislamu anayejua kwamba dhikri nayo maana yake ni kukumbuka hatalishangaa hilo. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mwanasayansi wa biolojia katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, aliyachukua mazoezi hayo, akayavua vazi la dini, akaanza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu ambao matibabu ya kawaida hayakuwa yamewasaidia vya kutosha. Mafunzo hayo, kama yanavyojulikana leo, huchukua wiki nane: darasa mara moja kwa wiki, na mazoezi ya nyumbani ya kama dakika 45 kwa siku. Wagonjwa hawakuahidiwa kwamba maumivu yataisha. Walifundishwa kukaa nayo bila kuongeza juu yake hofu ya maumivu ya kesho.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho asiende mbali; amwangalie mtu anayechambua mchele. Mchele wa Magugu umemwagwa kwenye sinia, vidole vinasukuma punje kidogokidogo kutoka upande huu kwenda ule, jicho linafuata, na kila chuya au kijiwe kinachoonekana kinatolewa. Ni kazi nyepesi, na kwa sababu hiyo akili huichoka mapema ikaondoka zake. Mikono haiachi, inaendelea kusukuma mchele kwa ustadi uleule. Macho yako wazi lakini hayaoni tena, na kijiwe kinapita katikati ya vidole. Habari zake zitakuja usiku, jinoni. Mchambuaji hodari naye akili yake huondoka kama ya mwenzake. Anachomzidi ni kugundua mapema kwamba imeondoka na kuirudisha kwenye sinia bila kujigombeza. Uzingativu wote ni kitendo hicho: akili inaondoka, mwenyewe anagundua, anairudisha. Anayedhani zoezi ni kukaa na kichwa kitupu atajiona ameshindwa dakika ya kwanza. Anayejua kwamba kule kurudi ndilo zoezi lenyewe atauona kila upotevu wa akili kuwa nafasi ya kulifanya.

Mvuvi wa Ziwa Babati analijua somo hili kwa ukali zaidi. Ziwa lina perege na kambale, na lina viboko. Anayekokota wavu alfajiri huku akipiga hesabu za bei ya samaki anaweza asizione pua mbili zilizochomoza juu ya maji. Kwa hiyo umakini si kitu kigeni kwetu. Tunao, na tunautumia kila penye hatari. Tunachokosa ni mazoea ya kuutumia pale ambapo hatari haionekani: mezani na watoto, kwenye mazungumzo na mwenzi, kitandani usiku. Huko ndiko akili inakojiona ina ruhusa ya kutangatanga, na huko ndiko inakotuumiza.

Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti walioufanya kupitia simu za mkononi. Watu wazima 2,250 walikuwa wakiulizwa kwa kushtukizwa nyakati mbalimbali za siku: unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje? Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha kwamba akili haikuwa kwenye kile mtu alichokuwa anakifanya. Tena watu walikuwa na furaha pungufu akili inapotangatanga kuliko inapotulia kwenye shughuli iliyopo, hata kama shughuli yenyewe haikuwa ya kupendeza. Msomaji anaweza kuuliza: hao si Wamarekani wenye simu za bei mbaya? Wengi wao ndivyo walivyokuwa, na si haki kuibeba asilimia ile kama ilivyo na kuitua Babati. Lakini lugha iliyotunga maneno “ana mawazo” kuwa jina la huzuni ilikuwa imefikia hitimisho hilohilo kabla simu hazijaja.

Kutangatanga kwa akili ni kwa kila mtu. Kwa baadhi ya watu ndiyo njia ya kurudi kwenye ugonjwa. Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, ina tabia hiyo ya kurudi kwa aliyepona. Mwaka 2000 John Teasdale na wenzake, katika vituo vya Uingereza na Kanada, walitoa matokeo ya watu 145 waliokuwa wamepona sonona, wengine wakapewa mafunzo ya wiki nane ya uzingativu, wengine wakaendelea na huduma ya kawaida. Miongoni mwa waliowahi kuugua mara tatu au zaidi, asilimia 66 ya waliobaki na huduma ya kawaida waliugua tena katika kipindi cha utafiti; kwa waliopata mafunzo ilikuwa asilimia 37. Kwa waliougua mara mbili tu, mafunzo hayakuleta nafuu. Kipengele hicho cha mwisho ndicho chenye kufundisha. Aliyeugua mara nyingi amejichimbia mfereji, na tone moja la huzuni linajua lipite wapi; yeye ndiye aliyesaidika zaidi kwa kujifunza kulitambua tone mapema. Mwaka 2022 Elizabeth Hoge na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa watu 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi, kundi moja likitumia dawa iitwayo escitalopram na jingine likifuata mafunzo ya wiki nane. Mafunzo hayakuzidiwa na dawa. Matokeo kama haya hayaruhusu mtu kutupa vidonge vyake, lakini yanaliondoa jambo hili kwenye orodha ya porojo.

Kwa nini kujua tu kwamba unawaza kuwe na nguvu hiyo? Tuchukue mbaazi. Babati ni nchi ya mbaazi. Hupandwa pamoja na mahindi, mahindi yakivunwa zenyewe zinabaki shambani zikikomaa, na soko lake kubwa liko India. Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kutoka nje, na huku bei ikaporomoka. Mkulima mwenye magunia ndani alijikuta na mizigo miwili. Wa kwanza ni hasara yenyewe. Hiyo ni ya kweli, inahesabika, na haiondolewi kwa kuvuta pumzi. Wa pili ni ule unaomwamsha saa nane za usiku: mimi ni mjinga, ningeuza mapema, jirani atanicheka, watoto watarudishwa nyumbani, na mwakani itakuwa hivihivi. Mzigo wa kwanza unataka mpango: kukaa na chama cha ushirika, kupunguza eneo la mbaazi, kuongeza alizeti, kuzungumza na shule. Wa pili hauna mpango wowote. Unazunguka palepale, na kila mzunguko unajifanya kuwa ni kutafuta suluhisho. Uzingativu hauugusi mzigo wa kwanza. Unamfundisha mtu kuutambua wa pili, aseme moyoni, “Limekuja wazo la kushindwa,” badala ya kusema, “Nimeshindwa.” Akiweza kuutua huo, mikono inabaki ya kuubebea ule wa kwanza. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Walichoacha tukigundue wenyewe ni kwamba yajayo nayo hugangwa leo, na mganga ambaye akili yake haiko leo hana cha kuganga.

Hapo pingamizi la kwanza linasimama, nalo lina uzito: hii ni anasa ya walioshiba. Mwenye njaa anahitaji unga, mwenye deni anahitaji fedha. Kama uzingativu unauzwa kuwa mbadala wa haki, pingamizi hilo ni sahihi kabisa. Mwajiri anayewaita wafanyakazi wafundishwe kutuliza akili huku mishahara yao ikichelewa anafunika kidonda kwa kitambaa safi. Bei ya mazao, maji na barabara ni mambo ya sera, na raia aliyetulia hapaswi kuwa raia aliyenyamaza. Lakini si kweli kwamba maskini hana haki ya kutibiwa kichwa mpaka kwanza ashibe. Zimbabwe wametuonyesha. Wasemaji wa Kishona nao wana neno kwa ajili ya kuwaza kupita kiasi, kufungisisa, na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mjini Harare mwaka 2006 mpango wa kuwafunza akina bibi wa mitaani kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wamsikilize, kisha wamsaidie kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na akina bibi walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Akina bibi hao hawafundishi uzingativu. Wanafundisha kutatua tatizo moja baada ya jingine. Wanachothibitisha ni kwamba mawazo ya mtu wa kipato cha chini yanatibika, tena kwa gharama ndogo, na kwamba hatua ya kwanza ni kulitenga tatizo na ule mvurugano unaolizunguka.

Pingamizi la pili ni la imani, na katika mji wenye misikiti na makanisa kama huu haliwezi kupuuzwa. Zoezi lenye asili ya Kibudha, je, si kuabudu kwa mlango wa nyuma? Wabudha wenyewe wapo Afrika Mashariki na hawajifichi: Upanga jijini Dar es Salaam kuna hekalu lililoanzishwa na watu wa asili ya Sri Lanka, na Uganda kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Anayetaka dini hiyo anajua pa kuipata. Kilichoingia hospitalini ni zoezi, halina kiapo wala sadaka. Hata hivyo muumini anayesita ana haki ya kusita, na hahitaji kutoka nje ya mapokeo yake. Muislamu ana khushui: anajua kwamba swala ambayo mwili uko msikitini na moyo uko sokoni ina upungufu. Mkatoliki ana mafungo, ana rozari inayopita punje kwa punje kwenye vidole. Hatusemi vitu hivi ni kimoja. Sala ina Msikilizaji. Zoezi la uzingativu halina. Lakini uwezo wa kuirudisha akili iliyotoroka ni uleule, kama vile miguu iendayo shambani ndiyo hiyohiyo iendayo ibadani.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wanasayansi, nalo ndilo linalopaswa kutuwekea mipaka. Mwaka 2014 Madhav Goyal na wenzake walipitia majaribio 47 yenye washiriki zaidi ya 3,500. Walikuta nafuu ya wastani kwa wasiwasi, huzuni na maumivu, na hawakukuta uthibitisho kwamba kutafakari kunazishinda tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya viungo. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa katika shule 85 za Uingereza, wenye wanafunzi zaidi ya 8,000. Waliofundishwa uzingativu darasani hawakuwa na afya ya akili bora kuliko wenzao, na wengi wao hawakufanya mazoezi nyumbani. Somo ni wazi: zoezi hili halipandikizwi kwa amri ya ratiba. Na kuna wakati linaweza kudhuru. Desemba 3, 2023, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufukia makazi ya Katesh na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Ukimwambia manusura wa tope lile afumbe macho na kusikiliza kilichomo ndani, unaweza kumrudisha kulekule alikonusurika. Mtu wa namna hiyo afanye macho yakiwa wazi, mikono ikigusa kitu kigumu, akiwa na mtaalamu karibu. Na akiona linamzidishia hofu, aliache bila kujilaumu.

Baada ya mipaka hiyo, zoezi lenyewe ni rahisi kueleza. Kaa kwenye kigoda, kiti au ukingo wa kitanda, mgongo umenyooka bila kukakamaa, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni. Iwekee simu kengele ya dakika tano, kisha iweke mbali na mkono. Fumba macho au yatazamishe chini. Tafuta mahali pumzi inapohisika zaidi, puani, kifuani au tumboni, na uifuate bila kuivuta kwa nguvu. Iache iende ilivyozoea. Baada ya pumzi tatu au nne akili itaondoka. Ukigundua, lipe jina kimyakimya jambo ililokwenda kulifanya: kupanga, kukumbuka, kuhofu. Kisha rudi kwenye pumzi inayofuata. Ikiondoka mara hamsini, irudishe mara hamsini. Wakati unaofaa kwa wengi ni alfajiri kabla nyumba haijaamka, au usiku taa zikishazimwa. Tuwe wakweli: matokeo ya utafiti niliyoyataja yalipatikana kwa wiki nane za mafunzo na mazoezi marefu, kwa hiyo dakika tano ni mlango wa kuingilia, na anayeona faida azikuze polepole zifike kumi, kisha ishirini.

Asiyeweza kukaa afanye akiwa kazini. Matonge matatu ya kwanza ya ugali yaliwe bila simu na bila redio, mtu akihisi joto lake vidoleni na ladha ya mboga. Njia ya kutoka nyumbani hadi stendi itembewe kwa kuhisi unyayo unavyokanyaga. Aliye kijiweni anaweza kuchukua sauti badala ya pumzi: honi, mpiga debe, injini ya bajaji inayopanda, akizisikia zinavyokuja na kupita bila kuziwekea maoni. Simu ikiita, ivutiwe pumzi moja kabla ya kupokelewa. Kwenye ugomvi, pumzi hiyo moja inaweza kuwa tofauti kati ya jibu na tusi. Haya yote hayagharimu shilingi, na hayamcheleweshi mtu popote.

Lakini mawazo yanayomnyima mtu usingizi, hamu ya kula na nguvu ya kufanya kazi kwa zaidi ya wiki mbili yanahitaji kituo cha afya, na anayewaza kujidhuru apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Manyara ina hospitali yake ya rufaa ya mkoa hapahapa Babati, na barabara inayopita katikati ya mji inakwenda mpaka Dodoma, iliko Hospitali ya Mirembe inayotibu magonjwa ya akili. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu amejifunza kufuata pumzi. Kwa sisi wengine, ambao ugonjwa wetu ni ule wa kawaida wa kuwa stendi na kutokuwa stendi, hukumu yangu ni kwamba zoezi hili ni dogo, ni la kweli, na halimdai mtu abadili dini, lugha wala ratiba. Basi litafika saa yake na mvua itanyesha siku yake, tuwaze tusiwaze. Leo jioni, mchele ukishamwagwa kwenye sinia, anza hapo.